Mwongozo Kamili wa Kuipima Sabufa Yenye Ampli Ndani Kabla Hujaikubali Sebuleni

Swali linalonifikia kuliko mengine yote kuhusu sinema ya nyumbani ni hili: sabufa ilipiga vizuri sana dukani, lakini ilipofika nyumbani ikawa inavuma noti moja tu, au kochi moja linatikisika ilhali kochi la pili halisikii kitu. Wengi wanaouliza wamekwisha kulipa, na baadhi wamekwisha kununua ya pili wakiamini kwamba ya kwanza ilikuwa mbovu. Karibu wote wamefanya kosa moja: waliipima kwa wimbo wa muuzaji, kwa sauti aliyoichagua muuzaji, katika chumba cha muuzaji. Besi inatakiwa kupimwa mlio mmoja baada ya mwingine, kisha ipimwe tena ukiwa umekaa kwenye kiti chako mwenyewe, na kazi hiyo inakamilika ndani ya siku mbili.

Kwanza tukubaliane kuhusu jina. Hapa Dodoma, kama ilivyo sehemu nyingi za Tanzania, ukiingia duka la Majengo au Sabasaba ukasema "sabufa", utaonyeshwa seti nzima: boksi moja kubwa, spika ndogo mbili au tatu, rimoti na sehemu ya kuchomeka flashi. Mwongozo huu unahusu kitu kingine, yaani boksi moja linalojitegemea, lenye ampli (kikuza sauti) yake ndani, ambalo linaungwa na ampli ya sinema, yaani ile inayoendesha spika za runinga, ili libebe masafa ya chini (milio mizito) peke yake huku spika nyingine zikibeba yaliyobaki.

## Vitu vya kuandaa

- Simu janja mbili: moja ya kupiga milio, nyingine ya kupimia. Ile ya kupimia iwekewe programu ya kupima desibeli (kipimo cha ukubwa wa sauti) inayokuruhusu kuchagua kipimo cha C au Z.
- Waya wa kutoa sauti kwenye simu hadi kwenye pini za RCA (plagi ndogo za mviringo za sauti), pamoja na adapta iwapo simu yako haina tundu la hedifoni.
- Waya mmoja wa RCA wenye urefu wa kutosha kuzunguka sebule, hata mita 8.
- Tepu ya kupimia urefu, tochi, daftari na kalamu.
- Uzi mwepesi wenye urefu wa kiganja na kipande cha selotepu.
- Soketi ya ukutani yenye ethi inayofanya kazi.
- Mafaili ya milio ya kupimia.

Mafaili hayo utayatengeneza kwa kompyuta ukitumia programu ya bure ya Audacity. Tengeneza milio ya 20, 25, 31.5, 40, 50, 63, 80 na 100 Hz (mitetemo kwa sekunde), kila mmoja sekunde 5, ukiweka ukubwa (Amplitude) wa 0.1. Kisha rudia milio ya 31.5, 40 na 50 Hz kwa ukubwa wa 0.18, 0.32 na 0.56, kila hatua kati ya namba hizo ni ongezeko la desibeli 5, na utaona umuhimu wake katika hatua ya 4. Mwisho tengeneza mlio mmoja unaopanda polepole kutoka 20 hadi 120 Hz kwa dakika nzima. Hifadhi yote kama WAV.

Tahadhari kuhusu kipimo cha simu. Programu nyingi hufunguka zikiwa kwenye kipimo cha A, ambacho kimetengenezwa kufuata udhaifu wa sikio la binadamu kwenye sauti za chini. Kipimo hicho hukata desibeli 30 kwenye 50 Hz na zaidi ya 39 kwenye 31.5 Hz. Anayepima besi kwa kipimo cha A ataihukumu kila sabufa duniani kuwa mbovu. Kipimo cha C hukata desibeli 3 tu kwenye 31.5 Hz, na cha Z hakikati kitu. Hakikisha herufi hiyo kabla hujaandika namba yoyote.

## Hatua ya 1: Soma bamba la nyuma kabla ya kugusa soketi

Umeme wetu ni voti 230 kwa 50 Hz. Sabufa nyingi za mtumba zinazouzwa mjini zilitoka Japani, ambako umeme ni voti 100, au Marekani, ambako ni voti 120. Ukiichomeka moja kwa moja sabufa isiyoruhusu voti 230, ampli itaungua ndani ya sekunde chache, na muuzaji anaweza kukataa kuipokea.

Tafuta maandishi yanayosema 220–240V au 100–240V. Kama kuna swichi ndogo nyekundu ya kuchagua voti, hakikisha imeelekea upande wa 230 kabla ya kuchomeka. Kama bamba linataja 100V au 120V peke yake, utahitaji transfoma ya kushusha umeme yenye uwezo unaozidi wati zilizoandikwa kwenye bamba, na gharama yake uiongeze kwenye bei ya sabufa unapolinganisha.

Hapo hapo utaweza kupima ukweli wa wati zinazotangazwa. Kartoni linaweza kusema wati 1,000 huku bamba la nyuma likionyesha kwamba kifaa kinavuta wati 90. Ampli haiwezi kutoa mfululizo nguvu kubwa kuliko inayoingia. Inaweza kutoa zaidi kwa nukta moja fupi kutokana na akiba iliyomo kwenye kapasita zake, basi. Angalia pia fyuzi: fyuzi ya ampea 2 kwenye voti 230 inaruhusu takribani wati 460 kuingia. Mimi huliamini bamba na fyuzi, na kartoni huliacha lilivyo.

Utajua umefaulu ukiwa umeandika kwenye daftari voti, wati zinazovutwa na ampea za fyuzi, na zote zinakubaliana na umeme wa nyumbani kwako.

## Hatua ya 2: Kagua boksi na koni

Vua kitambaa cha mbele, kisha umulike kwa tochi mpira unaozunguka koni, yaani sahani ya spika inayotikisika. Kama ni wa sponji, uguse taratibu kwa ncha ya kidole. Sponji iliyozeeka hubaki kidoleni kama unga wa kahawia, na hapo spika itahitaji fundi kabla ya kitu kingine chochote. Mpira halisi ubonyee na kurudi bila nyufa.

Weka vidole vya mikono miwili kwenye koni, mkabala, karibu na kofia ya katikati, kisha isukume ndani milimita chache kwa nguvu iliyo sawa pande zote. Isikilize kwa makini. Koni nzima huenda na kurudi kimya kabisa. Ukisikia mkwaruzo, hata mdogo kama wa karatasi inayosuguliwa kwenye saruji, basi koili (waya uliozungushwa nyuma ya koni) imepinda au imeungua, na mkwaruzo huo hautapona kwa matumizi.

Vumbi la kwetu linahitaji uangalizi wa pekee. Kama boksi lina tundu la hewa, ingiza tochi na uangalie ndani. Sabufa iliyokaa miaka kadhaa Nkuhungu au Kizota hapa Dodoma huwa na mstari wa vumbi jekundu kwenye ukingo wa tundu, na mstari huo peke yake si tatizo, lakini vumbi likiwa limeganda kwenye koni kwa ndani au kwenye pezi za kupoozea ampli, ujue koili nayo imekuwa ikivuta hewa hiyo hiyo. Mwisho, nusa tundu. Koili iliyowahi kuungua hubaki na harufu kali ya vanishi kwa muda mrefu.

## Hatua ya 3: Isikilize ikiwa haipigi kitu

Chomeka umeme, punguza sauti hadi sifuri, washa. Mdundo mdogo wakati wa kuwaka unavumilika. Mdundo wa kuirusha koni mbele haufai.

Sasa pandisha kitufe cha sauti hadi nusu bila kuunga waya wowote. Ukiweka sikio karibu na koni unaweza kusikia mvumo hafifu, nao ni wa kawaida. Rudi nyuma mita 2. Kama bado unausikia, tatizo liko ndani ya sabufa yenyewe, na mara nyingi ni kapasita zilizochoka.

Kisha iunge na ampli ya sinema kwa waya wa RCA. Iwapo mvumo unaanza pale tu unapounga, sabufa ni nzima na shida ni mzunguko wa ethi: vifaa viwili vimeshika ardhi kwa njia mbili tofauti. Chomoa waya wa dishi kwenye king'amuzi kwanza, kwa sababu katika nyumba nyingi nilizoingia huko ndiko mvumo ulikotokea. Kisha hamishia vifaa vyote kwenye soketi moja.

Onyo. Kuna mafundi watakaokushauri ukate pini ya ethi kwenye plagi. Mvumo utakwisha, ni kweli, lakini siku ampli ikivuja umeme, njia pekee ya umeme huo kufika ardhini itakuwa mwili wa atakayeigusa. Usikate.

## Hatua ya 4: Itoe uani

Hii ndiyo hatua ambayo karibu kila mtu huiruka, na ndiyo inayotofautisha ubovu wa sabufa na ubovu wa chumba. Sebuleni, kuta huongeza baadhi ya masafa na kufuta mengine kwa kiasi kikubwa sana, hivi kwamba huwezi kujua unasikiliza nini. Nje, mbali na kuta, unaisikia sabufa peke yake. Wahandisi wanaopima sabufa kitaalamu kwa kiwango cha CTA-2010 nao huipima nje ikiwa juu ya ardhi, na nyumba zetu nyingi za Dodoma zina uwanja wa kutosha kufanya hivyo.

Chagua asubuhi ya saa moja na nusu au saa mbili. Upepo wa Dodoma ukishaamka, unapiga maikrofoni ya simu na kuandika desibeli za uongo kwenye masafa ya chini. Waarifu majirani, milio ni mifupi, lakini haizoeleki.

Weka sabufa chini katikati ya uwanja, mbali na ukuta kadiri inavyowezekana. Simu ya kupimia ilaze ardhini mita 2 mbele yake. Simu ya kupiga iunge moja kwa moja kwenye sabufa. Zungusha kitufe cha krosova, yaani kile kinachoamua sabufa ikomee masafa gani kwa juu, hadi mwisho wa juu, ili kisikate chochote.

Kwanza, uwezo wa kushuka. Piga mlio wa 50 Hz wenye ukubwa wa 0.1 na upandishe kitufe cha sauti hadi simu isome 75. Baada ya hapo usiguse kitufe tena. Piga 80, 63, 40, 31.5, 25 na 20, ukiandika kila namba. Masafa ambayo usomaji umeshuka desibeli 6 chini ya ule wa 50 Hz yachukue kuwa ndiyo mwisho wa chini wa sabufa yako. Maikrofoni ya simu nayo hudhoofika huku chini, kwa hiyo namba hizo zitumike kulinganisha sabufa mbili kwa simu ileile, kuliko kuzichukua kama kipimo cha maabara.

Usishangae ukiona 20 Hz haipo kabisa. Kila masafa yanaposhuka kwa nusu, koni inalazimika kusogeza hewa mara nne zaidi ili sauti ibaki ileile. Ndiyo maana inchi 8 zinazotosha kwa 50 Hz hulemewa kwenye 25, na ndiyo maana koni ya inchi 12, yenye eneo linalozidi mara mbili lile la inchi 8, huwa na kazi nyepesi. Noti ya chini kabisa ya gitaa la besi lenye nyuzi nne ni 41 Hz, na ya piano ni 27.5 Hz. Sabufa inayofika 30 Hz kwa uaminifu inatosha sana sebule ya kawaida.

Pili, tundu la hewa. Kama boksi lina tundu, bandika uzi kwa selotepu juu ya mdomo wake ili uning'inie mbele, kisha piga ule mlio unaopanda. Kuna mahali uzi utaruka mbele na nyuma kwa nguvu kuliko kwingine huku koni yenyewe ikionekana kama imesimama. Hayo ndiyo masafa ambayo boksi limepangiwa, yaandike. Chini ya hapo hewa haiizuii tena koni, nayo hurukaruka ovyo bila kutoa sauti ya maana. Usiipige kwa nguvu milio iliyo chini ya masafa hayo, kwani hapo ndipo koili hugonga chuma cha nyuma na kuvunjika. Ukisikia tundu likipuliza kama mtu anayepuliza chupa, ujue ni dogo kwa kazi iliyopewa. Boksi lililofungwa halina hatari hiyo. Sauti yake ya chini hupungua mapema, lakini taratibu zaidi.

Tatu, kikomo cha nguvu. Rudi kwenye 40 Hz. Piga ukubwa wa 0.1 na urekebishe kitufe hadi simu isome 75, kisha piga 0.18, kisha 0.32, kisha 0.56. Kila mara usomaji unatakiwa kupanda kwa desibeli 5. Ukipanda 5, 5, halafu 2, sabufa imefika ukomo hata kama kitufe bado kina nafasi, na kinachoongezeka kuanzia hapo ni mikwaruzo. Rudia kwa 50, halafu kwa 31.5 ukiwa umelizingatia onyo la tundu. Acha ipumzike sekunde 10 kati ya mlio na mlio, kwa sababu mlio ulionyooka huipasha koili moto kuliko muziki wowote.

Utajua umefaulu iwapo, kwenye 40 Hz, sabufa imefika desibeli 90 kwa mita 2 bila kubana wala kukwaruza. Kwa sebule ya familia hiyo ni nguvu ya kutosha, maana ndani kuta zitaongeza.

## Hatua ya 5: Tafuta mahali pake sebuleni

Pima urefu, upana na kimo cha sebule kwa mita, kisha gawanya 172 (nusu ya mita ambazo sauti husafiri kwa sekunde) kwa kila kimoja. Chumba cha mita 5.2 kwa 3.9 chenye dari la mita 2.8 kitakupa 33, 44 na 61 Hz. Hayo ndiyo masafa ambayo chumba hicho kitayapigia kelele bila kujali umelipa kiasi gani. Nyumba zetu za tofali za saruji zenye sakafu ya marumaru huyarudisha karibu yote. Hakuna mbao wala zulia zito la kuyanywa.

Kila moja ya masafa hayo huwa na nguvu nyingi karibu na kuta na hupotea katikati ya chumba. Sisi hupanga makochi yakiegemea kuta zote, na hapo ndipo inapozaliwa ile noti moja inayovuma. Anayekaa kwenye stuli katikati ya chumba hicho hicho analalamika kwamba besi haipo. Wote wawili wanasema kweli.

Njia ya kupata mahali pazuri ni kugeuza mambo. Iweke sabufa kwenye kochi unalokaa wewe wakati wa kutazama, juu kabisa, mahali pa kichwa iwezekanavyo. Piga ule mlio unaopanda au wimbo wenye gitaa la besi linalotembea noti nyingi. Kisha wewe utembee kwa magoti ukifuata kuta, sikio likiwa kwenye kimo ambacho sabufa itakaa. Utapita mahali ambapo noti moja inakupiga kifuani na nyingine haipo, endelea. Simama pale ambapo noti zote zinasikika kwa ukubwa unaokaribiana, na uweke alama kwa chaki. Hapo ndipo sabufa itakapokaa, ukubali au ubishane na aliyepanga samani.

Kona humpa mtu besi nyingi kuliko mahali pengine popote, lakini huamsha kila mvumo wa chumba kwa pamoja. Ninaipendekeza kwa sabufa dhaifu tu. Na kabla ya yote, sogeza kochi lako mbele kwa nusu mita kutoka ukutani. Badiliko hilo halina gharama, na nimeliona likitibu chumba kuliko ununuzi mpya.

## Hatua ya 6: Krosova, fezi na kiwango

Kwenye ampli ya sinema, ziandikishe spika zako kuwa ndogo hata kama kimo chake ni cha kiuno, kisha weka krosova kwenye 80 Hz. Kitufe cha krosova kilichoko kwenye sabufa kizungushe hadi mwisho wa juu, au tumia tundu lililoandikwa LFE (la besi pekee, lisilopitia krosova hiyo) kama lipo. Krosova mbili zikifanya kazi kwa pamoja hukata mara mbili, na shimo linabaki katikati.

Namba 80 ina sababu yake. Kufikia hapo mawimbi yana urefu wa zaidi ya mita 4, na sikio haliwezi kutambua yanakotoka. Ukipandisha hadi 150, utaanza kusikia sauti za wanaume zikitoka kwenye kona badala ya kwenye runinga. Spika ndogo kabisa zinaweza kukulazimisha kwenda 100 au 120. Kubali, lakini sabufa iwe karibu na runinga.

Kwa fezi, yaani swichi inayolinganisha mwendo wa koni ya sabufa na wa spika nyingine, piga mlio wa 80 Hz kupitia ampli ya sinema, spika za mbele na sabufa zote zikiwa zimewaka. Kaa kwenye kochi lako huku mtu mwingine akibadilisha swichi kutoka 0 kwenda 180. Chagua upande wenye sauti kubwa zaidi. Upande wenye sauti ndogo ni ule ambao spika na sabufa zinavutana.

Kiwango kipangwe kwa sauti za majaribio zilizomo ndani ya ampli ya sinema: kila spika isome 75 kwenye kochi, na sabufa nayo isome 75. Wengi huiongeza sabufa desibeli 10 siku ya kwanza, kisha kila filamu ikawa na mngurumo mmoja usiobadilika. Ukiipenda zaidi, ongeza 3.

## Hatua ya 7: Pima ukiwa umekaa

Sasa rudia milio yote ukiwa kwenye kochi lako, simu ikiwa usawa wa sikio, na uandike namba kando ya zile za uani. Tofauti kati ya safu hizo mbili ndiyo mchango wa chumba.

Kwenye chumba kisichotibiwa, yaani kisichowekewa vitu vya kufyonza sauti, masafa kati ya 31.5 na 80 yakitofautiana ndani ya desibeli 10 kutoka dogo hadi kubwa, umefanya kazi nzuri. Kilele kimoja kinachozidi hapo kinaweza kupunguzwa na mpango wa kujirekebisha uliomo kwenye ampli ya sinema. Shimo haliwezi kujazwa kwa njia hiyo: ukiongeza nguvu pale ambapo mawimbi yanafutana, yanayofutana huongezeka pia, na koili huungua bure. Kwa shimo, sogeza sabufa au kochi kwa sentimita 30 na upime upya. Uvumilivu unahitajika hapa. Inaweza kuchukua mara tano au sita.

## Hatua ya 8: Saka vinavyotetema

Piga mlio unaopanda kwa sauti ya kawaida ya filamu, kisha uzunguke polepole. Dirisha la aluminiamu la kusukuma hutetema kwenye reli yake. Nondo zilizolegea hulia. Dari la jipsamu hunong'ona kwenye skrubu. Glasi za kwenye kabati hugongana, na kifuniko cha taa hulia kama nyuki. Kila unaposikia mlio, bonyeza kitu kwa kiganja. Mlio ukinyamaza, umempata mhalifu.

Ninasisitiza hatua hii kwa sababu nimeona mtu akirudisha sabufa nzima kabisa dukani, wakati kilichokuwa kikikwaruza ni fremu ya picha ya harusi iliyoning'inia juu yake. Ukanda wa mpira kwenye reli ya dirisha na vipande vya feliti nyuma ya fremu hutatua mengi.

Kama kitu kinachotetema ni boksi lenyewe, pitisha kiganja kilicholowa maji kwenye maungio huku ukipiga 31.5 Hz. Ukihisi ubaridi wa hewa inayovuja, kaza skrubu za ampli na za koni kwa mpangilio wa mkabala. Zisipotatua, hiyo ni kasoro ya kiwandani.

## Hatua ya 9: Sikiliza unavyovijua

Namba zikishakubali, sikio lina neno lake. Anza na taarifa ya habari inayosomwa na mwanaume. Sabufa iliyopangwa vizuri hunyamaza karibu kabisa. Sauti ya msomaji ikitokea kwenye boksi, krosova iko juu mno.

Kisha tafuta rekodi safi ya ngoma za Wagogo, hasa muheme unaopigwa na kina mama. Kipigo kinakuja, ngozi inatetema, kinakwisha, na kingine kinafuata upesi. Sabufa iliyo nyepesi kujizuia itakuachia ukimya mdogo kati ya kipigo na kipigo. Inayovuta mkia itaviunganisha vyote kuwa ngurumo moja, na hutaweza kuhesabu. Hakuna kipimo cha sikio ninachokiamini kuliko hiki, na ni muziki ambao mtu wa hapa anaujua ulivyo ukiwa mbele yake uwanjani.

Malizia na dakika 40 za filamu yenye milipuko, kisha shika bamba la nyuma. Joto la kuvumilika kiganjani ni sawa. Bamba la kukufanya uondoe mkono, au sabufa inayojizima katikati, ina ampli isiyoweza kazi yake.

## Kukubali au kurudisha

Kabla ya kulipa, omba siku mbili za majaribio na yaandikwe kwenye risiti ya EFD (mashine ya kodi) pamoja na namba ya kifaa. Muuzaji anayekataa jambo hilo kwa sabufa ya mtumba amekwisha kukujibu.

Irudishe bila kusita ikiwa koni inakwaruza kwa mkono, ikiwa inavuma ukiwa mita 2 bila waya wowote, ikiwa kwenye 40 Hz uani inabana kabla ya desibeli 80, au ikiwa inajizima kwa joto. Usiirudishe kwa sababu ya noti moja inayovuma sebuleni ambayo uani haikuwepo. Hiyo utaikuta pia kwenye sabufa ijayo. Kwa kesi hiyo, rudi kwenye hatua ya 5 na uanze na kochi.

Ukiikubali, iweke kwenye stebilaiza pamoja na ampli ya sinema, ifunike kwa kitambaa chepesi nyakati za vumbi ikiwa imezimwa tu, na uhifadhi ule ukurasa wa namba za uani. Baada ya mwaka mmoja, toa sabufa tena asubuhi kwa simu ileile, mita 2 zilezile. Namba ya 31.5 Hz ikiwa imeshuka desibeli 3 au zaidi, anza kwa kumulika mpira wa koni.